Muulize Shangazi: Suti ya Masaki, masaa ya mteja

Jamani habari zenu. Mwezi huu meseji zimekuja nyingi ila tano zimegongana, zote zinahusu yale makampuni makubwa ya ushauri, wale wa suti na begi la laptopu mgongoni, sa nimeona nizijibu kwa pamoja. Mnaonifuatilia mnajua nilikaa humo miaka saba hapa Dar kabla sijaacha. Kampuni yenyewe siitaji, msinisumbue.

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nimemaliza Mlimani mwaka jana, biashara, na juzi nimepata ofa kwenye mojawapo ya yale makampuni makubwa manne. Nyumbani furaha tupu, mama ameshatangaza hadi jumuiya. Shida ni kwamba hakuna hata mmoja anayeweza kuniambia nikifika pale Jumatatu saa mbili nitakuwa nafanya NINI hasa. Naomba ukweli. Mhitimu, Sinza.

SHANGAZI: Marahaba mwanangu na hongera sana, kupenya pale si mchezo. Wala usione aibu kutokuelewa, mama yangu mimi mpaka naacha kazi akiulizwa mwanao anafanya nini alikuwa anajibu "yuko kwenye makompyuta" na mi nikaona bora hivo hivo.

Iko hivi. Hao wanne unaowasema ni Deloitte, PwC, EY na KPMG, wamekulia kwenye ukaguzi wa mahesabu na ushauri ukaja kuota pembeni mpaka ukawa mti mkubwa. (Walikuwa watano, Arthur Andersen akafa 2002 baada ya ule msala wa Enron, kampuni ya nishati iliyopika mahesabu kule Marekani, ukikaa na wazee wa fani wanausimulia kama msiba wa nyumba ya jirani.) Alafu kuna wale wa ushauri tupu, McKinsey, BCG, Bain, hao huku Dar mara nyingi tunawaona wakishuka na ndege, McKinsey na BCG wana ofisi Nairobi. Bidhaa wanayouza wote ni moja tu: masaa yako.

Yaani shirika linatoa hadidu za rejea, kwamba tunatafuta mshauri mwelekezi atuangalizie jambo fulani, za serikali siku hizi zinapita kwenye mfumo wa NeST, ule wa manunuzi ya umma mtandaoni, basi patna (mmoja wa wamiliki wa kampuni) na meneja wanakaa wanaandika pendekezo: kazi hii siku 40, patna siku 3, meneja siku 12, wewe siku 25, kila mmoja na bei yake kwa siku. Bei yako usiiulize, ukiilinganisha na mshahara utalala njaa kwa hasira. Mkishinda zabuni zile siku ndo zinakuwa bajeti, na we unaishi ndani ya hiyo bajeti kama samaki kwenye ndoo.

Ndo hapo utakutana na taimushiti. Ijumaa jioni kila mtu anajaza wiki yake nzima, nusu saa nusu saa, hii ya mteja fulani, hii ya mafunzo, hii ya kumtafuta mteja mpya. Mwezi wa kwanza utaona kichekesho, mwezi wa sita utakuwa unaota nayo. Kuna asilimia ya masaa yako ambayo lazima yalipwe na mteja na wanaiangalia kuliko wanavyokuangalia usoni. Sasa siku zile 25 zikiisha na kazi haijaisha, manake patna alibana siku ili ashinde zabuni, unafanyaje? Unafanya kazi masaa kumi na tatu unaandika nane. Sisi tulikuwa tunaita kula masaa. Hakuna atakayekuambia ule, ila meneja atakuuliza kwa sauti ya upole "hii kazi mbona imechukua muda hivi?" na we mwenyewe utachukua kijiko.

Upande wa pili kuna benchi. Kama mpira tu, huna mradi, unakaa ofisini unajifanya unasoma. Wageni wanaipenda benchi wiki ya kwanza, wiki ya tatu wanaanza kupita kwenye meza za mameneja mmoja mmoja "bosi hamna kazi yoyote hata ndogo?" Mwaka 2025 wengi waliijua vizuri, Januari Trump aliposimamisha misaada ya Marekani miradi mingi ya wafadhili ilikatika katikati na washauri waliokuwa wanakula humo wakarudi kukaa.

Kazi yenyewe sasa. Siku yako itakuwa Ekseli, mahojiano na watu wa kwa mteja, na slaidi. Nyingi slaidi. Ngoja nikupe usiku mmoja niukumbukao, mradi wa shirika fulani, kesho yake saa tatu tunawasilisha kwa bodi, saa nne usiku patna anarudisha makaratasi yaliyochapwa, anaandika kwa kalamu nyekundu bado, na kwenye ukurasa wa 31 amezungushia duara mshale. Mshale tu. Umepinda. Nikauvuta ukanyooka, nikahesabu nyuma kwa macho makavu nikakuta mishale mingine kumi na nne imepinda vilevile, ikabidi ninyooshe yote, namaliza saa nane usiku na mlinzi wa getini ananipigia simu kuuliza kama bado nipo au afunge. Asubuhi mwenyekiti wa bodi alifungua slaidi tatu akasema muda hautoshi, tuende kwenye mapendekezo.

Watakufundisha pia kuongea kinyumenyume. Sisi ukimpigia mtu unaanza habari za nyumbani, watoto, mvua imenyesha huko, alafu ndo shida yako inaingia taratibu. Wao jibu linakuja kwanza, sababu baadaye, na sababu ziwe tatu. Zikiwa mbili tafuta ya tatu, zikiwa tano zibanie. Nilikuja kushtuka siku mama kanipigia kuhusu bati za nyumbani zinavuja, nikamwambia "mama, tubadilishe zote, kwa mambo matatu, kwanza..." akanikata: "We mtoto unanihutubia?"

Faida zipo na usidanganywe na kelele zangu. Ndani ya miaka miwili nilishaingia ndani kabisa kwenye benki, kiwanda cha sukari, hospitali ya rufaa, mamlaka ya maji, nikaona mahesabu yao na matatizo yao, mwenzangu aliyeajiriwa sehemu moja miaka hiyo hiyo alikuwa anaijua korido moja. Kingine, utazoea kukaa mbele ya mtu mzima mwenye cheo ukamuuliza swali gumu bila mikono kutetemeka. Na makampuni mengi yanalipia mitihani ya NBAA, ile bodi ya wahasibu, na likizo ya kusoma, hiyo CPA, cheti chao cha uhasibu, kamata mapema, ukishakuwa meneja huna muda wa kusoma hata menyu. Mshahara wa kuanzia ni mzuri kiasi ila si ule unaofikiriwa na majirani zako Sinza, kwa hiyo michango ya harusi anza kujifunza kusema hapana sasa hivi.

SWALI: Za leo Shangazi. Mume wangu ni mkaguzi kwenye kampuni kubwa, mwaka wa pili sasa. Kuanzia Januari anarudi saa tano saa sita usiku, Jumamosi anaenda, wakati mwingine na Jumapili. Akifika anakula amesimama analala. Dada zake wananiambia nifumbue macho, hakuna kazi ya ofisini ya mpaka saa sita. Mama Wawili, Tabata.

SHANGAZI: Mwambie wifi yako aje kwangu. Kazi ya mpaka saa sita ipo na ina msimu kama embe. Makampuni mengi yanafunga mahesabu Desemba 31, ukaguzi wote unarundikana Januari mpaka Aprili, na ritani ya kodi ya TRA inatakiwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka kufungwa kwa hiyo hata Juni haijatulia. Taasisi za umma zinafunga Juni 30, wakipewa na hizo msimu wa pili huo hapo. Kama mwezi wa tano anarudi saa moja, mumeo ni mkaguzi. Kama mwezi wa tano bado ni saa sita na hajabadilishiwa kazi, hapo ndo uniandikie tena.

Ila kutokuwa na mwanamke mwingine haimaanishi mambo yako sawa. Sheria yetu ya ajira na mahusiano kazini, ile ya 2004, inasema wiki ya kazi mwisho masaa 45, na ovataimu isizidi masaa 50 ndani ya wiki nne. Sasa humo ndani ukimtajia mtu sheria hiyo anacheka, na mbaya zaidi mwenyewe mumeo atacheka, manake anaamini wenzake wanamuangalia nani ataondoka wa kwanza. Mimi nilikaa hivyo hivyo, saa mbili usiku nimemaliza kazi yangu kabisa nafungua na kufunga Ekseli tu nisiwe wa kwanza kunyanyuka.

Nikuambie na langu. Nilijifungua, nikachukua zile siku 84 za sheria, nikarudi na maziwa yananitoka nakamulia chooni kwa kuwa chumba hakuna. Mwisho wa mwaka tathmini ikaja nimeshushwa daraja, sababu masaa yangu kwa mteja yamepungua. Nikauliza yangeongezekaje nikiwa leba? Nikaambiwa mfumo ndo unavyohesabu. Nililia kwenye gari maegeshoni nikafuta uso nikapanda kwenye kikao. Kwa hiyo we na mumeo kaeni mwezi wa tano, mkae wakati ametulia si Februari, muulize anataka kufika wapi pale. Kama anataka kumalizia CPA na miaka mitatu ya uzoefu aondoke, vumilia, mpelekee na chakula. Kama anataka upatna, hiyo ni miaka kumi na kitu ya hivi, na ni haki yako kujua leo. Na Jumapili moja kwa mwezi isiguswe na mtu, hiyo aombe kwa meneja wake kabla ya Desemba wakati ratiba hazijapangwa, siyo Januari.

SWALI: Niaje anti. Niko Westlands Nairobi, sinia (cheo cha chini ya meneja) kwa upande wa ushauri, mwaka wa tatu. Hapa ni panda au toka, usipopandishwa cheo unaonyeshwa mlango kwa adabu. Nimepata ofa ya kwenda kufanya kazi ndani ya benki, pesa ni karibu sawa. Alafu pia hizi stori za Afrika Kusini zimenifanya nijiulize mambo mengi. Nikae ama nitoke? Kijana wa Waiyaki Way.

SHANGAZI: Poa sana mwanangu. La kwanza ni jepesi, nenda. Pesa sawa na masaa pungufu hilo ni ongezeko la mshahara hata kama halijaandikwa, na benki zinapenda watu kama nyie manake mshafundishwa kwa gharama ya mtu mwingine. Panda au toka siyo tusi, ndo biashara ilivyo, pembetatu ile inahitaji watoto wengi chini na patna wachache juu, wote mkibaki hesabu haifungi. Na wakikuaga vizuri jua wana sababu, kesho wewe ndo mteja.

La pili ndo zito. Kwa wasiofuatilia: McKinsey walifanya kazi Eskom, shirika la umeme la Afrika Kusini, pamoja na kampuni ya wenye mahusiano na ile familia ya akina Gupta, matajiri waliokuwa karibu na Rais Zuma, 2018 wakarudisha karibu randi bilioni moja, na Desemba 2024 wakakubali kulipa zaidi ya dola milioni 122 kumaliza kesi ya rushwa upande wa Marekani. Bain wao waliingia mamlaka ya mapato, SARS, tume ya jaji Nugent 2018 ikaonyesha jinsi mamlaka ilivyobomolewa kwa jina la kuboreshwa, na 2022 Uingereza ikawafungia kazi za serikali miaka mitatu.

Ukisoma hizo habari unaona mabosi na mabilioni, unasema mi sinia tu inanihusu nini. Inakuhusu kwa sababu slaidi hazijichori zenyewe. Kuna mtoto wa miaka 25 alikaa usiku akazichora, amepewa muundo mpya wa idara auweke kwenye viboksi vizuri. Sijawahi kuombwa kuiba katika miaka saba, hata mara moja. Nilichoombwa ni kulainisha. "Neno hasara ni kali, weka changamoto ya mapato." "Hii namba ni sahihi lakini ipeleke kwenye kiambatisho." Mara ya kwanza nilibadilisha bila kufikiri, mara ya pili nilibadilisha huku nafikiri, na hiyo ya pili ndo iliyoniuma. Ukienda benki utaombwa pia usijidanganye, ila pale angalau ukilainisha we mwenyewe utakuwepo mwaka kesho inapopasuka.

SWALI: Anti, intavyuu zao wanauliza maswali ya ajabu eti mipira mingapi inajaa kwenye daladala. Nimesoma kilimo SUA. Nina nafasi kweli? Mpambanaji, Morogoro.

SHANGAZI: Unayo, miradi ya kilimo ni mingi na wahasibu hawajui mahindi yanavunwa lini. Maswali yale hawataki jibu, wanataka wakuone unavyohesabu kwa mdomo. Mfano: Dar zinaliwa chapati ngapi kwa siku? Usikodoe macho. Sema sensa ya 2022 Dar ilikuwa na watu milioni 5.4 hivi, nikichukua watu wanne kwa nyumba ni kama nyumba milioni 1.35, tuseme nyumba moja kati ya tatu leo imekula chapati hizo ni laki nne na nusu, chapati sita kila nyumba, milioni 2.7, ongeza za mama ntilie na vibanda vya chai laki tisa, naishia milioni 3.6. Atakuuliza na Ramadhani je? Mshukuru, hapo amekufungulia mlango, mwambie zinahama kutoka asubuhi kwenda magharibi na mihogo na tambi vinazipunguza. Nilishaona mtu amepita kwa jibu hilo la mihogo.

SWALI: Habari Shangazi. Mimi niko upande wa pili. Nafanya kazi shirika moja mwaka wa 19 huu, mkoani. Wamekuja vijana wa kampuni kubwa ya ushauri, wanatuita mmoja mmoja wanatuuliza kazi zetu, wanaandika kwenye laptopu. Wapole sana, wanatuita mzee, mama. Watu wanasema hawa ndo wanaokuja na panga. Nijibu nini? Mtumishi.

SHANGAZI: Hili swali nimelikalia wiki mbili.

Mwaka wangu wa nne tulitumwa shirika moja mkoani, enzi hizo hakuna treni ya umeme, unapigwa jua kwenye basi. Tatizo lao mashine zinalala, vipuri havifiki, na sisi tumekaa siku nane na Ekseli yao ambayo haikuwa na kichwa wala miguu. Siku ya tisa nimeenda stoo kuhoji, nikamkuta mzee mmoja amebakiza miaka michache astaafu, amevaa sweta la kijani joto lote lile. Nikamuuliza maswali yangu kumi na mawili ya kwenye karatasi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akainuka, akachomoa kaunta buku chini ya kaunta, jalada limefungwa kwa gundi ya karatasi. Humo alikuwa ameandika kwa mkono miaka sita kila kipuri, kimeombwa lini, nani alisaini, kimekaa meza ya nani siku ngapi, kimefika lini. Safu ya mwisho ameiandika "sababu". Kwenye sababu mara nyingi palikuwa na neno moja: SAINI. Vipuri vilikuwa vinasubiri saini ya mtu mmoja makao makuu.

Nilipiga picha kurasa zote kwa simu, usiku tukaziingiza kwenye Ekseli, ikawa slaidi ya 12, ile ya moyo wa ripoti, chati safi ya bluu, chini tumeandika chanzo: uchambuzi wa timu. Bodi walipiga makofi. Kwenye slaidi ya 40 kulikuwa na muundo mpya, stoo za mikoani zinaunganishwa kuwa moja, na boksi la mzee halikuwepo. Nilichora mimi. Sikuunganisha hayo mawili kichwani, kweli tena, mpaka tuko kwenye basi tunarudi Chalinze mvua inanyesha.

Kwa hiyo usiwadanganye, wale watoto hawana panga, ila kalamu wanayo na hawajui inakata nini. Na usikae kimya pia manake kiboksi cha mtu aliyekaa kimya ndo kinafutwa wa kwanza. Waeleze kazi yako kwa namba, nahudumia wangapi, nikikosekana siku moja kinasimama nini. Waombe muhtasari wa mazungumzo yenu wakutumie kwa imeili, una haki ya kusema hapa mmeniandika vibaya, na kopi mpe msimamizi wako. Chama cha wafanyakazi kama mnacho kiamke sasa, sheria inamtaka mwajiri atoe taarifa na kushauriana kabla ya kupunguza watu, si baada ya barua kuchapwa. Na ikifika huko, kiinua mgongo cha sheria ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza na kinaishia miaka 10, yaani hiyo minane yako ya juu haihesabiwi, kaangalie mkataba wa hiari wenu kazini (wa chama na mwajiri) kama una zaidi.

Na kama una daftari kama la yule mzee, waonyeshe ndiyo, ila andika jina lako kila ukurasa kabla hawajatoa simu.